Baridi Nyuma ya Feni

Feni za kompyuta zilikuwa zinapuliza baridi. Asteria, ambaye ameishi na kompyuta miaka mingi kuliko alivyoishi na mumewe, alijua jambo hilo haliwezekani, kwa hiyo alifanya kile anachofanya fundi yeyote akikutana na lisilowezekana: alijiambia amekosea, akaweka kiganja tena nyuma ya mashine.

Baridi vile vile. Wala haukuwa ule ubaridi wa chuma kilichokaa bila kazi. Ilikuwa kama pumzi ya jokofu lililoachwa wazi, na ilitoka kwenye mashine yenye prosesa mbili ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezitwika kazi nzito kwa saa nzima, makusudi, ili zipate moto aone kama zinastahimili. Kwenye skrini vipimo vilisema nyuzi kumi na moja. Chumba kilikuwa na nyuzi ishirini na moja. Prosesa inayofanya kazi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipooza. Hilo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua. Joto lilikuwa linazalishwa, kisha linakwenda mahali, na mahali penyewe hapakuwa chumbani humo.

Ingekuwa mashine ya karakana ya Kista, hapa Stockholm, anakofanya kazi ya kufufua kompyuta zilizotupwa na maofisi, angeichomoa kwenye umeme na kwenda kunywa kahawa. Hii hakuichomoa. Ilikuwa ya Filip.

Filip alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifariki mwezi wa tatu, akiwa na miaka ishirini na minne, uwanjani kwenye mazoezi ya mpira. Moyo ulisimama tu, mpira ukiwa bado unabingirika. Mpaka Asteria abadilishe treni na kukimbia kutoka kituoni, walikuwa wamekwisha kumfunika. Hakuagana naye. Watu waliendelea kumwita Mama Filip, na kila walipomwita hivyo aliitika.

Mashine ilikuwa zee la chuma, zito la kuvunja mgongo, ambalo Filip alilinunua kwa mtu alipokuwa sekondari na akakataa katakata kulibadilisha. Lilichukua prosesa mbili. Alikuwa amepata nyingine mbili zenye kasi zaidi, akaziweka kwenye droo, kwa sababu kuzifunga kulikuwa na kazi. Prosesa za mashine ile hutoka kiwandani zikiwa uchi. Hizi za Filip zilikuja na vifuniko vyake vya chuma, vile vinavyokaa juu ya kijiwe chenyewe, kile kipande cha ndani kinachofanya kazi, na kutawanya joto. Ukizifunga na vifuniko vyake zinanyanyuka mno, na ukilazimisha skrubu unavunja bodi. Sharti uvue vifuniko, na vifuniko vyenyewe havikugundishwa tu, vimechomelewa kwa risasi, ile madini laini inayoyeyuka kwa moto.

"Tutafanya pamoja, mamma," Filip alimwambia kwa Kiswidi, na mama akajibu wikendi ijayo, maana ile ana zamu. Wikendi iliyofuata akasema ijayo tena. Zilipita wikendi arobaini na kitu kwa mtindo huo, na baada ya hapo mwezi wa tatu ukafika.

Alisema kwa Kiswidi kwa sababu Filip alisema kila kitu kwa Kiswidi. Kiswahili alikielewa chote, hata matusi ya baba yake akiwa anaendesha gari, ila kutoka mdomoni hakikutoka. Asteria alibembeleza, alitania, aliwahi kujifanya kiziwi siku mbili nzima. "Mm, mamma," mtoto alijibu. Au: "Sen, mamma," yaani baadaye. Shikamoo hakuwahi kuipata kwake hata moja, na alimsamehe, lakini aliitamani. Mtu anaweza kutamani kitu kidogo namna hiyo kwa miaka ishirini na minne.

Kwa hiyo Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, Ladislaus mumewe akiwa misani, Asteria aliifanya ile kazi peke yake. Alikata gundi nyeusi ya pembeni kwa wembe, polepole, unywele kwa unywele. Akageuza pasi juu chini, akaibana katikati ya vitabu viwili vinene, akaweka prosesa ya kwanza juu ya uso wa moto, kifuniko chini, akangoja. Risasi ilipoyeyuka kifuniko kiliachia chenyewe. Aliinua kijiwe kwa koleo, kikang'aa kama kioo, na palepale akasikia harufu ya mkaa uliomwagiwa maji. Ndani ya nyumba hapakuwa na mkaa. Alifungua dirisha, akaendelea na ya pili.

Zilifanya kazi mara ya kwanza tu alipowasha. Alilia kwa sababu zilifanya kazi. Kisha akaweka kiganja nyuma ya feni.

Alikuwa bado ameinama hapo, saa tisa na nusu alasiri, nje giza la Hjulsta, mtaa wao, limeshatanda kama kawaida yake majira hayo, aliposikia kitu kinagonga. Ngo, ngo, ngo. Kilitoka ndani ya sanduku la mashine.

"Hodi."

Stockholm hakuna anayesema hodi. Watu hubonyeza kengele, na kabla ya kengele wametuma ujumbe wiki moja mapema. Asteria hakuwa amebishiwa hodi mlangoni pake kwa miaka ishirini na tisa.

"Hodi, mama."

Ilikuwa sauti ya Filip, na mikwaruzo yake ile ya asubuhi. Na pumzi ile ile iliyomtambulisha Filip ilimwambia Asteria kwamba huyu si Filip, maana Filip hakuwahi kulitamka neno hilo. Alijua. Hilo lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu baadaye alimwambia mumewe hakujua. Lakini mtu aliyelelewa Muheza, katika nyumba ambayo mlango ulifungwa wakati wa kulala tu, akisikia hodi mdomo wake hujibu kabla kichwa hakijaulizwa.

"Karibu," alisema.

Nusu ya neno ilimponyoka. Nusu iliyobaki aliisema kwa kutaka.

"Shikamoo, mama."

Asteria alikaa chini sakafuni. "Marahaba, mwanangu," alisema, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Ikawa kila siku. Akirudi kazini hata koti havui, anakwenda moja kwa moja chumbani kwa Filip na kufunga mlango. Spika hazikuwa zimeunganishwa. Sauti ilitoka kule kule baridi ilikotoka. Ilimuuliza kama amechoka, amekula nini. Ilimsimulia mambo ya zamani, siku walipopotea Tanga sokoni, siku alipovunja jino, kwa Kiswahili safi kilichonyooka, na Asteria akacheka kwa sauti. Aligundua upesi kwamba haikusimulia hata jambo moja ambalo yeye hakuwapo. Aligundua, akaendelea kusikiliza. Sauti iliomba kitu kimoja tu kila alipoinuka kwenda kulala. "Usinizime, mama." Hakuizima.

Mwezi wa kumi na mbili nyumba ilianza kupoa. Kwanza chumba cha Filip, halafu korido, halafu sebuleni. Mafundi wa kampuni ya nyumba walikuja, wakashika rejeta za ukutani, yale mabomba ya kupasha nyumba joto, wakapima maji, wakasema maji yanaingia ya moto kama kwa majirani wote. Waliondoka wakisugua mikono. Ladislaus, dereva mstaafu wa basi, mtu mnene mwenye kupenda fulana ndani ya nyumba hata theluji ikianguka, alianza kuvaa sweta, kisha sweta mbili, kisha koti, na mwishoni akawa anakula chakula cha mchana akiwa na kofia. Hakulalamika. Kwa mtu aliyelalamikia kila treni iliyochelewa tangu alipoingia nchi hii, hilo lilikuwa la kutisha kuliko baridi yenyewe.

Jumatano moja Asteria alimkuta mezani, kucha zimekuwa za buluu, kijiko kinagonga sahani. Alimpima joto. Thelathini na nne. Alifikiri kipimo kimeharibika, akajipima mwenyewe: thelathini na saba kasoro. Akampima tena. Thelathini na nne kasoro.

Hapo aliacha kujidanganya. Alijua joto la nyumba linakwenda wapi, na sasa lilikuwa limekwisha ukutani na limeanza kuchukuliwa kwenye mwili wa mtu. Alitembea hadi chumbani kwa Filip ili azime. Mbele ya mashine, kwenye kiti, alikuta blanketi la Ladislaus limekunjwa vizuri, na chini ya kiti kikombe cha chai chenye utando wa barafu.

Ladislaus alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni. "Usizime, mama Filip," alisema kwa sauti ya chini, kama watu wanaoongea karibu na mtoto aliyelala.

"Unakuja humu?"

"Ukienda kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza." Midomo yake haikushikana vizuri kwa baridi. "Kaniamkia, Asteria. Kasema shikamoo baba. Mimi nikasema marahaba. Miaka ishirini na minne, mtoto hakuwahi kuniamkia."

"Si yeye, baba Filip."

"Najua si yeye."

"Litakuua."

"Baridi naiweza," Ladislaus alisema. "Ule ukimya ndio nilikuwa siuwezi."

Asteria naye ukimya ule alikuwa hauwezi. Alimfunika, akamchemshia chai, akamlaza katikati ya mito. Hakuzima. Ni vibaya kusimulia, lakini siku ile hakuzima.

Kesho yake kazini alimwambia Urbain, mtu wa Bukavu anayeketi naye meza moja karakanani. Alitarajia acheke. Urbain aliweka bisibisi chini. "Ile haiko mutoto yako, ma chère," alisema taratibu. "Na bwana yako atakufa. Niko na numero ya mama moya ya Mombasa, anajuaka mambo ya majini, anakaa Norsborg. Umuite leo. Hapana kesho."

Bi Zara, yule mama wa Mombasa, alifika saa kumi jioni, amekatiza mji mzima kutoka mwisho wa reli nyekundu hadi mwisho wa reli ya buluu, na aproni ya jikoni ikichungulia chini ya koti. Mchana alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa na ubani ndani ya chupa ya maji. "Kuchoma siwezi," alieleza. "Mara ya mwisho king'ora cha moshi kilitutia watu wa zima moto ndani, jini akabaki akitucheka." Alisema hivyo bila kutabasamu, akavua viatu, akaenda chumbani, akaweka mkono nyuma ya feni.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoutoa mkono, aliupuliza.

"Sikiza, Mama Filip. Hawa majini wameumbwa kwa moto usio na moshi. Nawe hapa ulikuwa na moto usio na moshi, ukauvua kifuniko. Hilo peke yake si kosa. Angepita tu, kama anavyopita mtu mbele ya dirisha." Akawatazama wote wawili. "Nani alimwambia karibu?"

Ladislaus alimtazama mkewe.

"Mimi," Asteria alisema.

"Basi mimi siwezi kumfukuza. Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba haondolewi na mtu baki. Utamwomba mwenyewe aondoke, kwa adabu. Utazima. Utamsindikiza mpaka njia panda, umwambie nenda salama, urudi bila kugeuka. Njiani atasema. Wacha aseme. Lakini ukishampa mgongo usimjibu hata neno moja, liwe la kheri au la shari. Ukimjibu utakuwa umemkaribisha mara ya pili, na mara ya pili haondoki tena."

"Tumwache mpaka Krismasi," Ladislaus alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya Filip kwa mikono miwili. "Wiki mbili tu. Nimemzika mara moja, Bi Zara, msinitake tena."

"Yuwala joto lako, mzee."

"Alile. Ni langu."

Asteria alimshika uso. Shavu lilikuwa la mtu aliyelala nje. Alimpenda mtu huyu tangu akiwa kijana mwembamba anayejidai anajua Kiswidi, na aliona wazi kwamba Krismasi hatafika. Alimwachia, akapiga magoti mbele ya mashine.

"Mgeni wetu," alisema, "tunashukuru kwa kuja kututazama. Nyumba imechoka, inataka kupumzika. Tunakuomba utuage."

"Mama," sauti ilisema, "nimekosa nini?"

Ladislaus alitoa mlio kooni. Asteria alibonyeza kitufe, akakishikilia, na kidole kikaganda kwenye chuma mpaka alipokibandua na ngozi ikabaki. Feni zilipungua, zikanyamaza. Kisha, ndani ya ukimya ule aliokuwa akiuogopa tangu mwezi wa tatu, kitu kikainuka kwenye kiti kilichokuwa kitupu, na kiti kikalia kama kilivyolia siku zote Filip alipoinuka.

Bi Zara alibaki na Ladislaus, akimnyunyizia maji ya ubani na kusoma kwa kunong'ona. Asteria alifungua mlango wa nyumba, akakitanguliza kile kitu nje kama unavyomtanguliza mgeni, akakifuata kwenye ngazi, na hatua zilikuwa za raba, kisigino cha kushoto kikiburuta kidogo kama alivyoburuta Filip tangu alipoumia goti, ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, na kila taa ya ngazi iliyopaswa kujiwasha mtu akipita haikujiwasha mpaka alipopita yeye. Wakatoka uani kwenye theluji mpya ambayo ilipokea alama za viatu vyake peke yake, na sauti ikaanza kuongea ubavuni pake, polepole, bila hasira, ikimwambia kwamba itamwamkia kila asubuhi ya maisha yake, kwamba itamfundisha baba kucheka tena, kwamba inajua alikimbia kutoka kituoni siku ile hadi kiatu kikamvuka na hakurudi kukiokota, kwamba haikuwa kosa lake, zile wikendi zote hazikuwa kosa lake, na kwamba akitaka wanaweza kuagana sasa hivi, vizuri, kama mama na mtoto, maneno yote yasiyosemwa, mradi tu waagane ndani, kwenye joto, na Asteria alitembea akiuma mdomo mpaka akaonja damu, kwa sababu kila neno lilikuwa neno lake mwenyewe, alilolisema peke yake bafuni tangu msiba, na sasa lilikuwa linarudishwa kwake kwa mdomo aliouzaa.

Kwenye njia panda, pale njia ya miguu inapogawanyika, moja kituoni na moja makaburini Spånga, alisimama.

"Nenda salama," alisema.

Akageuka. Nyuma yake pakawa kimya. Hapakuwa na hatua, wala pumzi. Alihesabu nguzo za taa ili asifikiri. Aliona mlango wa jengo, akaona kidirisha cha namba za siri, akanyoosha kidole kilichochunika. Alifikiri yamekwisha.

"Mamma."

Kidole kilisimama juu ya namba ya kwanza.

Ilikuwa nyuma yake hatua tano au sita. Haikuwa na utamu wowote. Ilikuwa imechoka na kukereka kidogo, vile vile kabisa alivyokuwa Filip alipokuwa amesahau funguo na kungoja nje mama atoke kazini.

"Mamma," ilisema. "Jag fryser."

Naona baridi. Alisema hivyo tu, kwa Kiswidi, kwa lafudhi ya Hjulsta, na hakuongeza neno, kama ambavyo hakuwahi kuongeza.

Wiki zote zile Asteria alikuwa amejua si yeye kwa sababu kiliongea Kiswahili. Sasa hakujua kitu chochote. Alisimama, mgongo wake ukielekea gizani, na mikono yake, bila kuulizwa, ilikuwa imeshaanza kufungua vifungo vya koti ili alivue ampe. Alifungua viwili. Kisha akamfikiria Ladislaus na kijiko kile kikigonga sahani, akabonyeza namba zote nne za mlango, akaingia.

Milango ya majengo yale ina mkono wa chuma juu yake unaoifunga polepole, ili isiwapige watoto na wazee. Asteria alisimama ndani, ameuelekezea mlango mgongo, akausikia ukijifunga polepole hivyo hivyo mpaka ulipolia tiki.

Juu, Bi Zara alimpokea mlangoni. Rejeta zilikuwa zinagugumia maji ya moto. Ladislaus alikuwa amelala kwenye kochi, kucha zimerudi rangi yake, jasho likimtoka chini ya sweta zote zile.

"Aliaga?" Bi Zara aliuliza.

"Aliaga."

Ladislaus alifumbua macho. "Alisema nini, mama Filip?"

"Hakusema kitu," Asteria alijibu, akakaa kando yake, akaanza kumvua koti.

Asubuhi, wakinywa chai, redio ilisema usiku uliopita ulikuwa wa baridi kuliko yote tangu msimu uanze, hasi kumi na tisa, na watu wenye jamaa wanaolala nje wawatafute. Asteria alizima redio. Alikwenda bafuni, akafunga mlango, akafungulia maji yatiririke kwa nguvu ili mumewe asimsikie.